Kompyuta Iliyouliza Jina la Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mkuu alinipa kigae cheupe na kuniuliza kama macho yangu ni mazima. Nikamjibu ni mazima. "Basi kaa hapo, na usinichanganyie damu za watu." Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yangu katika maabara ya hospitali ndogo ya binafsi, pale Masasi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Watu binafsi walikuwa wameanza kufungua hospitali, na madukani vilirudi vitu tulivyokwisha kuvisahau, hata sabuni ya kuogea.

Ninyi mabinti wa maabara wa leo mna mashine ya kila kitu, na bado mnalalamika. Sisi tulidondosha damu kwenye kigae, tukaongeza tone la dawa ya kupimia, tukatikisa polepole na kutazama kama inagandana. Hapo unajua grupu. Damu ya akiba hatukuwa nayo, maana jokofu letu la mafuta ya taa lilikuwa na vituko vyake. Akiba yetu ilikuwa watu wenyewe, wakulima wa korosho waliokubali kupimwa na kuandikwa, ili siku ya shida gari liwafuate kwao.

Kuwasaka kwenye makadi ilikuwa balaa. Ndipo akaja Bwana Fidelis, mtoto wa Newala aliyepelekwa seminari angali mdogo, kisha ng'ambo kusomea kompyuta. Alirudi wakati mashine hizo bado ni marufuku kuingizwa nchini, akasubiri mpaka milango ikafunguliwa. Alituletea kompyuta moja kuukuu, akaifunika shuka kwa ajili ya vumbi. Programu, yaani yale maagizo yanayoiambia mashine ifanye nini, aliiandika mwenyewe. Unabonyeza grupu na kijiji, majina yanatokea. Matroni alipiga vigelegele wodi nzima ikageuka.

Halafu akaletwa Mama Asha. Alikuwa amejifungua salama, lakini damu haikatiki, na grupu lake ni O hasi, ambalo kwetu ni la kutafuta kwa tochi. Kompyuta ikatoa jina moja tu: Saidi Hamisi, Chiungutwa. Dereva akaondoka mbio. Akarudi peke yake, amejaa vumbi mpaka kope. "Matroni, huko hakuna mtu wa jina hilo. Nimeuliza nyumba hadi nyumba."

Mama Asha alifariki jua likizama. Alinishika mkono huu huu, na niliumia, sitaki kuficha.

Kesho yake akafika mtu na baiskeli. "Shikamooni. Nasikia jana mlikuwa mkinitafuta. Mimi ndiye Saidi Hamisi."

Dereva alimrukia. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Nyumbani, naanika mihogo. Lakini kwetu mimi ni Mchopa, jina langu la jandoni. Wachache wanaolijua hilo la Saidi walidhani ni watu wa kodi, wakanyamaza."

Bwana Fidelis alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Mimi wa kusahau hilo! Hata mimi, kwetu nani ananijua kwa Fidelis?"

Akaibomoa programu yake yote. Mwanzo mashine ilimpa kila mtu kisanduku kimoja cha jina. Sasa akampa kila mtu namba, na majina yakaning'inia kwenye namba hiyo, mengi kadiri mtu anavyoitwa, pamoja na jina la mjomba wake, maana kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Mganga Mkuu alikasirika. "Bwana Fidelis, hii ni hospitali, siyo ngoma. Mtu ana jina moja."

"Basi, Mganga, tumfuate Mama Asha tukamwambie hivyo."

Mganga Mkuu akarudi wodini, na swali la jina la nyumbani likaingia kwenye mashine. Katika kuijaribu programu, mtu wa kwanza kuandikwa alikuwa Bwana Fidelis mwenyewe. Nikamuuliza kama nilivyoagizwa, "Kwenu wanakuitaje?" Akacheka. "Chilumba." Tangu hapo gari letu halikurudi tena tupu kwa ajili ya jina. Wapo watu wazima leo Tandahimba na Masasi walionyonya maziwa ya mama zao kwa sababu ya swali lile, na hawamjui aliyelitunga.

Nimestaafu, magoti hayataki ngazi. Mwaka niliosikia Bwana Fidelis amefariki, nilipanda basi hadi Newala, kijijini kwao. Nikauliza kwa marehemu Fidelis, yule mtaalamu wa kompyuta. Watu wakatazamana. Mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo akanionea huruma. "Pole, dada. Huyo hatuna hapa."

Nilikuwa nimekwisha kugeuka kurudi kituoni nilipokumbuka.

"Na Chilumba je?"

Kisu kilimponyoka. "Chilumba wetu! Si ungesema tangu mwanzo!" Akanipokea mkoba, akanipitisha katikati ya mikorosho mpaka kaburini. Nikachuchumaa kwa shida, nikafuta vumbi kwenye msalaba, machozi yananitoka kama mtoto.

"Chilumba," nikamwambia, "tumekupata."