Sono Yetu na Sono Yao

Kabla vita haijashuka tena upande wetu wa Goma, alikuja mwalimu mmoja kutufanyia semina juu ya afya ya kiroho ya kanisa. Akauliza: "Kanisa lenye afya mutalitambua kwa nini?" Mama mmoja akasema upendo. Shemasi mmoja akasema Neno. Mwingine, ambaye siku zote anapenda kuonekana mnyenyekevu, akasema machozi. Mimi nikanyoosha mkono juu kabisa, nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikasema: "Sauti."

"Sauti ya namna gani, papa?" akauliza mwalimu.

Nikamweleza kwamba mgonjwa ndiye ananong'ona. Mtu mwenye afya akisema, hata jirani anajua yupo. Basi kanisa lenye afya lazima lisikike mbali. Wanakwaya wakanipigia makofi, na niliyapokea makofi hayo bila kukumbuka kwamba mikro zao zote, vile vipaza sauti vya kuimbia, zilikuwa mkononi mwangu, na mtu akinichukia Jumamosi, Jumapili anaimba kama mbu.

Maana mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa sono. Sono ni kila kitu kinachopiga kelele kanisani: mikro, ampli, nyaya, na zile spika kubwa tunazoziita bafle. Kanisa letu lilikuwa la mbao, chini ni mawe meusi ya volkano, bati linavuja. Lakini bafle! Bafle zetu zilikuwa ndefu kuliko mimi. Nilizifuta vumbi kwa kitambaa changu mwenyewe, na mke wangu alisema kama ningemfuta yeye jasho hivyo hata mara moja kwa mwaka, angejua ameolewa. Nilimwona hana maono.

Sasa, nyuma ya kanisa letu kulikuwa na ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta kulikuwa na kanisa lingine. Mlango wao uliangalia barabara nyingine, kwa hiyo hatukukutana nao kabisa. Tulisikiana tu. Nao walikuwa na sono, na mtu wao wa sono alikuwa na roho mbaya kama mimi. Sisi tukianza sifa, wao wanapandisha sauti. Wao wakipandisha, mimi siwezi kukaa. Pasta wetu akifikia mahali pa kusema "Tulieni mbele za Bwana," tayari mabati yanatetemeka na watoto wachanga wanalia. Wale watu wa mtaa wa Himbi, wenye makanisa ya vigae na feni, wangekuja kutuona wangefikiri volkano imeamka tena. Mimi nilitaka jambo moja tu maishani: siku moja mtu wa upande ule aje aniambie kwa kinywa chake, "Papa, mumetushinda." Nilimwomba Mungu jambo hilo. Kweli kabisa, kwa magoti.

Halafu vita ikashuka kwa barabara ya Rutshuru. Watu wakaingia mjini na magodoro kichwani, mbuzi, masufuria, wazee migongoni. Shule zikajaa, makanisa yakajaa. Letu pia likajaa. Mama zetu walipika maharagwe na fufu katika masufuria ya harusi, vijana walileta maji ya ziwa kwa mabidoni, pasta akatoa kitanda chake. Naliandika hili ili mjue hatukuwa watu wabaya. Mimi mwenyewe nilijitoa pia: nilikaa mlangoni kulinda bafle.

Usicheke. Siku ya kwanza tu nilikuta nepi za mtoto zimeanikwa juu ya bafle ya kushoto. Nikapiga kelele: "Nani ameweka hii kitu hapa?" Mama mmoja akanitazama bila kuelewa. Alitoka kijiji cha Kalengera. Alikuwa na mtoto mgongoni, nepi zilikuwa zake, na macho yake yalikuwa mekundu. Akazitoa, akaomba radhi, akaniuliza kama nimeona binti mdogo mwenye gauni la njano, amebeba kuku.

Ndivyo tulivyojua habari yake. Njiani, magari ya askari yalipopita kwa nguvu, watu waliruka huku na huku, na vumbi lilipotulia binti yake mkubwa hakuwepo. Mkubwa, yaani hata meno ya mbele yalikuwa hayajaota yote. Alikuwa amepewa kuku wa nyumba ambebe, na mama alikuwa anajilaumu kwamba alimwambia asiachilie kuku badala ya kumwambia asiachilie nguo ya mama.

Alimtafuta. Loo, yule mama alitembea! Alienda shule zote za karibu, hospitali, kambini. Alienda mpaka Kituku kwenye mitumbwi na soko la samaki, kwa sababu mtu alimwambia watoto wengine wamepandishwa mashua. Kila jioni alirudi na miguu imevimba, anakaa chini karibu na bafle yangu, haombi chakula, anasubiri apewe. Mimi nilikuwa na moyo, jamani. Nilikuwa nikimwona nakosa pa kuweka macho.

Mahali pamoja tu hakwenda: nyuma ya ukuta. Aliuliza siku ileile ya kwanza, "Na wale wa hapa nyuma, wamepokea watu?" Watu wetu wakacheka. "Wale? Wale hawapokei mutu. Ni makelele tupu." Mimi nikatikisa kichwa kama daktari anayekubaliana na daktari mwenzake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika kule kuona. Tulijua tu, kama vile unavyojua mtu usiyempenda ananuka.

Lakini tulimwombea. Ee Mungu, tulimwombea! Kila asubuhi, saa ya maombi, pasta alimweka mama mbele, tukanyoosha mikono, na mimi nikafungua ampli mpaka mwisho. "Bwana, mrudishe huyu mutoto!" Bati likaitika, mbao zikaitika. Nyuma ya ukuta nao walikuwa katika maombi yao, nao wakapandisha. Sikusikia walichoomba. Kazi yangu ilikuwa wasisikike.

Ikafika Jumapili. Ibada ilikuwa imepamba moto, kwaya imevaa sare, wakimbizi wamejipanga pembeni na vifurushi vyao, na mimi nimesimama kwenye ampli kama rubani. Mama wa Kalengera akapita katikati ya watu, akaja moja kwa moja kwangu. Akaniambia kitu. Sikumsikia. Akasema tena, mdomo kwenye sikio langu:

"Papa, zima hii kitu."

"Nini?"

"Zima. Nataka nimuite mutoto yangu. Kwetu tunaitana toka kilima mpaka kilima. Kila asubuhi natoka inje kumuita, hii kitu inakunywa sauti yangu."

Nikamwambia mama, pole sana, lakini tuko katikati ya sifa. Nikamwambia nitamtangazia mimi mwenyewe, kwa mikro, mji mzima utasikia. Na kweli nikachukua mikro, nikatangaza gauni la njano na kuku, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya redio. Wale wa nyuma, waliposikia tumepandisha, wakafikiri tumeanza mashambulizi. Wakapandisha na wao. Nikatangaza tena kwa nguvu zaidi. Wakaleta ngoma. Hata mimi, niliyeshika mikro, sikusikia nilichokuwa nasema.

Mama alikuwa bado amesimama pale. Hakukasirika. Alilia tu, waziwazi, mdomo wazi, kama mtoto anavyolia, na sikusikia hata kilio chake. Nilikiona. Pasta naye alikiona kutoka madhabahuni. Akanifanyia ishara kwa mkono: zima.

Nikamtazama kana kwamba hanijui. Akarudia. Nikazima.

Wale wa nyuma, waliposikia tumekufa ghafla, unajua walifanya nini? Walianzisha wimbo wa kuta za Yeriko! Walipiga vigelegele! Nilisimama pale na waya mkononi, watu wote wananitazama, nikajisikia kama mwanaume aliyevuliwa suruali sokoni. Mama akatoka nje, akaita. Niliona shingo yake inajikaza. Hakuna kitu. Sauti yao ilifunika kila kitu.

"Nenda uwaombe," akasema pasta.

"Mimi?"

"Ni wewe unajuana nao."

Ni kweli, hakuna aliyejuana nao kama mimi. Nikazunguka barabara yote, koti na tai, mguu unajikwaa kwenye mawe, nikiwa natunga maneno ya heshima ambayo hayatatufanya tuonekane tumeshindwa. Nilifikiria kusema kwamba ampli yetu inapumzishwa na fundi. Nilifikiria kusema ni agizo la serikali. Nikaingia uani kwao na nikasimama kidogo, kwa sababu ua ulijaa watu: magodoro, masufuria ya harusi yanachemka maharagwe, nepi kila mahali. Nepi nyingine zilikuwa juu ya bafle yao.

Mtu wao wa sono alikuwa mfupi, mwenye koti kama langu. Alinijua palepale, sijui kwa nini. Labda sote tulikuwa na uso uleule. Akainama kwangu akipiga kelele:

"Mumechoka?"

Maneno yangu yote ya heshima yakapotea. Nikamwona mama yule akilia bila sauti. Nikasema: "Ndiyo, papa. Tumechoka. Zima, tafadhali. Kuna mama anataka kuita mutoto."

Alinitazama. Akageuka, akazima.

Sijawahi kusikia Goma namna ile. Sufuria ikichemka. Mtu akikohoa. Helikopta mbali, upande wa uwanja wa ndege. Na nyuma ya ukuta, kutoka upande wetu, sauti ya mama yule ikiita jina la mtoto wake, ndefu, inapanda mwishoni, sauti ya mtu wa milimani ambaye hajawahi kushika mikro na hana haja nayo.

Kutoka jikoni mwa pasta wao, nyuma kabisa, sauti ndogo ikaitika: "Karameee!" Ndivyo wanavyoitika kwao mtu akiwaita. Mama akaita tena, sasa amechanganyikiwa. "Karameee, mama!"

Mke wa pasta wao akatoka amemshika mkono binti wa gauni la njano, miguu imefungwa vitambaa kwa sababu ilichubuliwa na mawe. Kuku alikuwa chini ya kwapa. Yule mtu wa sono akashika kichwa. "Yesu wangu," akasema, "huyu tunamwombea tangu alipofika. Kila siku. Mungu amuoneshe mama yake."

"Na sisi tunamwombea mama," nikasema, "Mungu amuoneshe mutoto."

"Saa ngapi?"

"Saa ileile yenu."

Tukatazamana. Yeye ndiye alianza kucheka, halafu nikamfuata, halafu wote wawili tukawa tunafuta machozi kwa tai. Nikamuuliza kwa nini hawakumleta kwetu kuuliza. Akaona haya kidogo. "Watu wetu walisema nyinyi hamupokei mutu," akasema. "Ati ni makelele tupu."

Vijana waliuvunja ukuta mahali pamoja, mawe machache tu, ili mtoto asizunguke na miguu ile. Mama alimpokea pale penye tundu. Kwanza alimchapa kofi moja mgongoni, kwa sababu ya kupotea, kisha akamkamata, mtoto, kuku na mtoto wa mgongoni, wote pamoja, mpaka kuku akalalamika. Mama zetu walilia, mama zao walilia. Siku hiyo tuliimba kupitia tundu lile, bila mikro. Hatukuimba vizuri. Ndipo nilipogundua kwamba mwimbaji wetu wa kwanza, ambaye nilimpa mikro bora miaka yote ile, hana sauti kabisa.

Mwalimu wa semina hajarudi bado. Akirudi nitakaa nyuma kabisa, nitamwacha yule mama aliyejibu wa kwanza aseme upendo.

Jioni ya Jumapili ile, nilipokuwa nakunja nyaya, binti alikuja kunitazama, kuku kwapani. Alikuwa amekula, ameoga, na amepata ule udadisi wa mtoto aliyepona. Akagusa bafle kwa kidole.

"Papa, ni wewe unapigisha hii?"

"Ni mimi."

"Ina nguvu!" akasema, macho yamemtoka. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri kidogo. "Asubuhi ile ya kwanza, mama aliniita. Nilimsikia, kidogo sana. Nikawaambia, wakasema ni hamu tu, nisitoke nisije nikapotea tena. Basi nikawa naitika tu. Kila siku nilikuwa naitika, papa. Naitika sana. Lakini wewe ulinishinda."