Jani la Mama wa Dirishani

Katika kiwanda cha vyombo vya udongo pale mjini Burslem, hakuna aliyechora mawaridi kumshinda yule mama wa meza ya dirishani, na hakuacha mtu asahau hilo. Brashi aliichongoa kwa midomo, kwa hiyo ikifika saa ya chai mdomo wake huwa wa buluu kama aliyekula zambarau. Gertie, jirani yake mezani, alikuwa keshazoea kufutishwa kazi. "Hili ni jani au sikio la punda, mwanangu? Futa!" Uhondo hasa ulikuwa kwenda naye kwa watu, maana hali chakula mpaka aipindue sahani aone alama ya aliyeichora. Yake yeye ilikuwa nyota ndogo. Msibani aliwahi kuinyanyua sahani ya mchungaji na kuichungulia kwa chini, mkate ungali juu yake.

Kwenye harusi ya dada yake Gertie, yule mama akawekewa sahani ya mawaridi. Akaikodolea macho, akaguna. "Hebu oneni jani hili! Aliyelichora alikuwa anasinzia. Enzi zetu angerudishwa kwao." Meza nzima ikangoja mkosaji atajwe. Akaipindua. Gertie naye akachungulia, akaiona nyota.

Yule mama akairudisha sahani mezani taratibu.

"Ya nani, shoga?" wakamuuliza.

"Imefutika."

Gertie akamsogezea keki. "Kata kipande kikubwa, mama," akamwambia kwa upole, "kifunike hilo sikio la punda."