Mkunga wa mahindi yasiyolala

Saa saba mchana, ndani ya nyumba ya vioo ambamo hakuna upepo, maganda ya mahindi yanachakarisha. Mwanamke mwenye ujauzito wa miezi saba anatega sikio, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye shina la tatu na kulimenya hindi lake. Punje zimeotea humo humo. Miche myeupe imebanana, imejikunja kama vidole vya kichanga.

"Ningeliacha mpaka kesho, lingeoza lote," anasema kwa sauti ya chini.

Wenzake kwenye kituo hiki cha utafiti humwita Mkunga. Kwa miaka minne kazi yake imekuwa kuzitoa kwa kibano punje zilizoota kabla ya wakati na kuzipanda vikombeni. Siku ya kwanza, alipoviona vile vidole, alitupa kibano akatoka mbio.

Mtafiti anayemsimamia anaeleza kuwa mbegu hulazwa na homoni inayotengenezwa na vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi ndani ya mmea. Kimoja kina umbo la pangaboi, na katikati yake kuna chembe ya chuma. Hukata rangi ya manjano ya mmea, na kipande kinachopatikana ndicho hugeuzwa kuwa homoni.

"Kikiumbika vibaya, hakikati kitu, na mbegu haipati usingizi," anasema. "Hii myeupe hata hiyo rangi haina. Kimeng'enya cha kuitengeneza ndicho kibovu."

Miche ya kijani, yenye rangi hiyo, huweza kupona. Msimu uliopita Mkunga alipanda mia moja na arobaini, ikapona tisini na mmoja. Myeupe hufa yote, chakula cha punje kikiisha. Naye huipanda vilevile, bila kuagizwa.

Wifi yake anamsihi kwa simu aache kazi. "Utamwita mtoto atoke mapema, wifi yangu."

"Wa kwanza alikuja na miezi sita, akaishi siku mbili," Mkunga anajibu. "Wakati huo hapa sipajui. Nimsingizie nani?"

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wifi hajaambiwa. "Nyumbani huyu wa tumboni anacheza kutwa nzima. Nikiingia humu anatulia tuli, kama anasikiliza."

Anapiga mhuri wa tarehe kwenye kikombe cha mwisho. Likizo yake ya uzazi inaanza baada ya wiki mbili.

"Nitajilaza tu, mimi na yeye, mpaka siku aliyoandika daktari," anasema. "Asitangulie hata kwa siku moja."