Mkono Uliokuwa Mfukoni

Mama yangu ananiita kiguu na njia, na hakosei. Sijui kukaa. Hata ninapochora, goti linatikisika chini ya meza mpaka wino unamwagika, na pale kwetu Kampemba hakuna kitambaa cha meza ambacho hakijapata doa langu. Nachora pua, nasimama. Naenda mpaka barabarani kutazama malori yanayotoka Kinsevere na shaba yao, nameza vumbi, narudi, nachora sikio, nasimama tena. "We mutoto," Mama husema, "ndani ya matako yako muko siafu?"

Kazi yangu ni bede, ndivyo tunavyoita huku Lubumbashi hadithi za katuni. Shujaa wangu ni binti anayeshuka kwenye mashimo ya zamani ya shaba kutafuta watu waliopotea chini. Anavaa ovaroli ya babu yake na kofia ngumu ya manjano, na mkononi ana taa. Ovaroli ile ni ya babu yangu mimi, aliyetoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, nami niliinakili na viraka vyake. Katika ukurasa wa kwanza shimo linaporomoka, binti anatoka peke yake kwenye vumbi, na hadithi inaanza.

Sasa, wakati nachora kitabu kile cha kwanza nilikuwa sijui kuchora mikono. Cheka tu. Mkono ni mgumu kuliko uso. Uso ukiukosea, watu watasema ndio mtindo wako. Mkono ukiukosea, unatoka mkungu wa ndizi. Kwa hiyo mkono wa kulia nilimshikisha taa, maana ngumi inachoreka, na wa kushoto nikautia mfukoni. Kitabu kizima! Anakimbia, mfukoni. Anapigana na majambazi watatu, mfukoni, nami nikijiambia hayo ni madaha yake. Pale ambapo mfuko haukufaa nilileta moshi, au nilimsimamisha mtu mbele yake, au niliukata mkono kwa ukingo wa picha.

Kitabu kikapendwa, nami nikavimba kichwa. Kisha mchoraji mmoja mkubwa, mgeni kutoka Kinshasa, akakipekua mbele yangu haraka haraka kama mtu anayetafuta chawa, akakifunga. "Kijana, jifunze mikono," akasema, akaenda zake kunywa soda. Niliumia, acha. Wiki nzima nilimtukana kimoyomoyo. Halafu nikaanza kujifunza, kwa sababu hasira ya mtu asiyejua kukaa lazima ipate kazi.

Mikono niliyojifunzia ni ya Mama. Alikaa mbele yangu karibu mwaka mzima bila kujua kwamba amekaa. Akichambua maharagwe, nachora. Akisonga bukari, ugali wetu, nachora. Akisali rozari, nachora, na hapo ndipo aliponikamata.

"Unachora mikono yangu tu? Kichwa yangu iko na makosa gani? Muntu akiona mikono bila kichwa atasema nimekufa!"

Lakini nilipomwonyesha, aliiweka mikono yake juu ya karatasi kulinganisha. Vidole vifupi, vifundo vilivyovimba kwa sabuni na maji baridi, na kidole cha shahada kilichopinda kuelekea kwa jirani yake. Nilikuwa nimeiweza. Tangu siku ile alianza kuvaa pete yake ya ndoa hata jikoni, akitafuta visababu vya kupita mbele yangu.

Basi katika kitabu cha pili binti yangu akatoa mkono mfukoni. Sikumpa hata kurasa tatu za kupumua. Anafungua mlango wa chuma kwa mikono miwili, anapanda kamba, anafunga kidonda, anapiga makofi. Nilikuwa kama mtoto aliyepewa filimbi, nyumba nzima haina amani. Na ile yote ilikuwa mikono ya Mama kwenye mwili wa binti wa miaka ishirini, jambo ambalo halikunisumbua hata kidogo.

Kila mwaka sisi watu wa bede tunakutana siku moja katika ukumbi wa shule. Wachoraji tunapanga meza, na vijana wanakuja wamevaa kama wahusika wanaowapenda: mabawa ya katoni, mapanga ya mbao, ngao za masufuria ambayo mama zao wanayatafuta nyumbani. Rafiki yangu mkubwa pale ni mshonaji, mtoto wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema. Asubuhi anashona kanzu na baba yake, jioni anashona mazimwi. Mwaka ule yeye ndiye aliyenitengenezea turubai la kutundika nyuma ya meza yangu, kubwa kama mlango: binti yangu amenyoosha viganja vyote viwili kuelekea kwa msomaji. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Jumatatu kurasa za kitabu hicho cha pili zilikuwa ziende kwa mpiga chapa, na mwaka wangu wote ulikuwa ndani ya bahasha moja chini ya meza. Kila dakika nilikuwa nainama kuigusa.

Mama alifika amejifunga kikwembe cha Pasaka, na nyuma yake mama wawili wa kwaya. Hakuja kuangalia katuni. Alikuja kuangalia mikono yake. Akasimama chini ya turubai, akainua viganja vyake sawasawa na picha. "Yangu hii! Linganisheni!" Watu wakacheka, wakampiga picha. Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huo huo nilikuwa na furaha mpaka miguu ikanipeleka kuuzunguka ukumbi mara mbili.

Niliporudi, binti yangu alikuwa amesimama mbele ya meza.

Yaani mwanamke, wa rika langu au kunizidi kidogo, amevaa ovaroli ile ile na viraka vyake, kofia ya manjano, na taa katika mkono wa kulia. Mshonaji tayari alikuwa akimzunguka na kugusa mishono. "Wallahi, hii kazi," alisema, "nani alikushonea?" Mwanamke akajibu kwamba viraka amejishonea mwenyewe, kwamba anauza nguo za mitumba soko la Kampemba na ovaroli aliichagua katika mzigo. Mkono wa kushoto wa ovaroli ulikuwa umekunjwa kwa ndani, ukabanwa na pini tatu juu ya kiwiko.

Hakunisalimu. Alikuwa anaangalia turubai.

"Ule mukono alipata wapi?"

Sikuelewa. Nilimwangalia kama bwege.

"Nauliza, huyu binti, ule mukono wa kushoto alipata wapi? Ulikatika pale shimo ilianguka, ukurasa wa kwanza, mukono ya ovaroli ikabakia mutupu, akaitia mu mufuko. Kila muntu anajua."

Nikamgeukia mshonaji aniokoe. Akakwaruza shingo. "Ndugu, hata mimi nilijua hivyo," akasema. "Nilipoona kurasa mpya nikafikiri utaeleza kwenye kitabu cha tatu."

Yule mwanamke akaweka taa mezani, akachukua kitabu cha kwanza. Akakifungua kwa kidole gumba bila kutafuta, kwa namna mtu anavyofungua kitabu alichokizoea. "Mimi, mukono ulikamatwa na mashine ya kusaga, pale mutaa wa Annexe, nilikuwa mutoto," akasema, na hakuongeza. "Sikia. Huyu anapigana, anakula, anapendwa na kijana, anatukana polisi. Na mu kitabu muzima hakuna hata muntu mumoja anamuuliza mukono uko wapi. Hata mumoja! Miye kila siku bananiuliza. Muteja hajaona bei ya suruali, anauliza mukono. Njo maana nilipenda kitabu yako. Nilisema, huyu muchoraji ni muntu."

Mungu wangu. Niwaambie nilichohisi? Nilihisi nimevuliwa nguo sokoni. Hakuna aliyemuuliza kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kwamba kuna la kuuliza. Sikuwa muntu wa namna ile. Nilikuwa mchoraji mvivu mwenye mfuko.

Ningeweza kudanganya, ulimi ulishaanza kutengeneza kitu, sijui dawa, sijui muujiza. Lakini macho yake hayakuwa ya kudanganywa. "Yaya," nikasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, "nilikuwa sijui kuchora mikono. Mkono wake ulikuwa mfukoni tu. Sasa nimejifunza."

Akakifunga kitabu. Nilitegemea atacheka, au atanitukana, na vyote viwili ningevipokea.

"Basi ungebakia tu vile," akasema, "bila kujua."

Mshonaji, katika kutaka kupoza mambo, akaanza, "Unajua, dada, wahenga walisema mkono mmoja hau..." kisha akajiuma ulimi, akaanza kukusanya pini ambazo hazikuanguka. Sijui ni kwa nini methali zetu nyingi hivi zinahesabu mikono.

Kipaza sauti kikaita wote waliovaa mavazi wapande jukwaani. Mwanamke akakiweka kitabu chini, akaanza kufunga kamba ya kofia chini ya kidevu: ncha moja ameiuma kwa meno, nyingine ameizungusha kwa vidole. Alikuwa anaweza, ilionekana amezoea. Ila siku ile alivuta kwa hasira, na kosa lilikuwa langu. Kamba ikaponyoka.

Hapo Mama akatoka chini ya turubai. Mama yangu anauliza kila kitu. Anamuuliza dereva wa teksi kama ana watoto, anamuuliza padri kama amelala vizuri. Nikafumba macho moyoni. Lakini hakuuliza. Alimfikia yule mwanamke, akaishika kamba.

"Mama, ninaweza," mwanamke akasema kwa ukali.

"Minajua unaweza. Simama muzuri."

Akasimama. Mama akafunga fundo, akavuta kidogo kuona kama limeshika, akampangusa vumbi begani, akarudi kwa wenzake wa kwaya kuendelea kujisifu.

Jukwaani, mtangazaji akamwona, akapiga mluzi. "Na mukono huu umeuficha wapi? Ujanja gani huu! Mupigieni makofi!" Ukumbi ukapiga makofi. Mtangazaji alidhani mkono umo ndani ya ovaroli, kwamba ni sehemu ya vazi. Mwanamke akavuta kipaza sauti kwake, akatazama moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Iko mu mufuko," akasema.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikashusha turubai, nikalikunja, nikaondoka na bahasha yangu kabla sherehe haijaisha. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikapita nyumba, nikageuka, nikapita tena.

Jumapili sikwenda misa. Nilimpigia simu mpiga chapa nikamwambia asinisubiri, naye akanisema kidogo, haki yake. Nikatandaza kurasa uani, nikafungua rangi nyeupe, nikaanza kufuta. Niliomboleza kila mkono niliofuta, sitaficha. Ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikuwa nafuta, nasimama, nakwenda mpaka mlangoni, narudi, nafuta.

Mama akarudi kutoka kanisani, akaona.

"Unafuta mikono yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Nimeambia kwaya yote."

"Najua."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki na kikwembe chake cha misa, mikono mapajani. Aliumia. Aliangalia ukurasa wa viganja viwili, ule uliotoa picha ya turubai, ukikauka kwa rangi nyeupe. Kisha akauliza, "Ni juu ya yule?" Nikaitikia. Akaguna.

Kulikuwa na picha moja sikujua niifanyeje. Binti yuko ukingoni mwa shimo, anataka kushuka, kofia iko kichwani. Katika vitabu vyote viwili kofia ile ilikaa tu kichwani, haijafungwa na mtu. Nilipasua ncha ya kitambaa kikuukuu cha meza, nikaleta kioo cha kunyolea, nikaketi miguuni pa Mama.

"Nifunge hapa, chini ya kidevu. Polepole, nione mikono."

"Wewe hukai, nitakufunga namna gani?"

Nikakaa. Goti lilitaka kuondoka, akalikandamiza kwa goti lake. Nikachora nikitazama kioo: mikono miwili inayoingia kutoka ukingo wa picha, yenye vidole vifupi, kidole cha shahada kimepinda. Ya mtu ambaye haonekani. Binti nilimkunjia mkono wa ovaroli kwa ndani, nikamtia pini tatu. Kisha juu ya mikono ile nikachora kiputo cha maneno, nikaandika: *Minajua unaweza. Simama muzuri.*

Mama akainama, akasoma akisogeza midomo. Alisoma mara mbili.

"Hakuna uso," akasema. "Bantu batajua namna gani kama ni yangu?"

"Hawatajua, Mama."

Akarudisha macho kwenye maneno ya kiputo.

"Yule atajua," akasema, akakaza fundo.