Niliufuta Ukungu wa Mihogo, Lawama Nikamtwika Shangazi

Jamani, mimi ni mnafiki, na siku hizi hata kioo nakikwepa. Jina langu msiniulize. Nipo hapa hapa Singida mjini, nawaambia ninyi kwa sababu nyumbani nimeshindwa.

Nilikuwa natengeneza app ya mapishi. Unamrekodi mama akieleza anavyopika, akili mnemba inasikiliza, inakata porojo, inapanga hatua moja moja. Nilijiona nimefika!

Wa kwanza kumrekodi alikuwa shangazi yangu wa Sepuka, dada yake baba, aliyenilea. Akanieleza ugali wa mihogo michungu: unaimenya, unaivundika chini ya majani mpaka iote ukungu mweusi, unaukwangua, unaanika, ndipo unatwanga. Usipoivundika, sumu inabaki ndani. Kwetu hilo halihitaji elimu, kila mtu analijua.

App ikaweka alama nyekundu: chakula kilichoota ukungu si salama, hatua hii iondolewe? Nami niliyekuzwa na ugali huo nikaona aibu. Nikawaza watu wa Dar wakisoma kwamba sisi tunakula vitu vilivyooza. Nikabonyeza ndiyo. Kuvundika kote kukafutika, ikabaki menya, anika, twanga. Jina la shangazi na picha yake nikaviacha juu pale, vinivutie watu. Ptuu!

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mtu wa pwani. Mihogo anayoijua ni ile mitamu ya kuchemsha. Shangazi alipomletea mihogo ya shambani kwake, akafungua app yangu akafuata kama ilivyoandikwa. Siku waliyosonga ugali ule, mtoto wao akaanza kutapika, kichwa kinamuuma, miguu haimshiki. Akalazwa. Mungu akamrudisha, lakini matapishi yale niliyafuta mimi, huku najua yametoka wapi.

Pale wodini kaka akauliza nani kaandika upuuzi ule. Mdomo wangu huu huu ukajibu, "Nimeandika alivyosema shangazi. Labda ni uzee, amesahau."

Amesahau! Mwanamke aliyevundika mihogo tangu hajaolewa!

Ukoo ukalishika neno hilo. Kukiwa na shughuli, wanamwambia apumzike, akae na wageni, wasichana watapika. Yeye ndiye alikuwa anasimamia masufuria yetu yote, harusi na misiba. Akimpa mtu unga wake, anashukuriwa vizuri, halafu unga unamwagiwa kuku.

App nimeifuta. Msinisifu, nilikuwa naficha uchafu wangu.

Juzi shangazi akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, kisha akauliza, "Mwanangu, hivi siku ile habari ya kuvundika sikukuambia kabisa?"

Nafasi ndiyo hiyo, nimeletewa mkononi. Nikasema, "Hukuniambia, shangazi."

Akaniomba msamaha. Yeye, mimi!

Ninyi mnaowarekodi wazee, msikionee aibu chakula kilichowakuza, na msikiachie chombo kiwaamulie jambo mnalolijua. Mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaanza kuuamini uongo wenu juu yake mwenyewe. Shangazi yangu ameshauamini. Naambiwa sasa hata chai haichemshi mpaka jirani aje asimame karibu, amwangalie asije akakosea.