Mama Pole na Mabanda Mawili

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa akiwachanja kuku wa kituo cha utafiti dhidi ya kideri, ugonjwa wa virusi unaowabana pumzi hadi wakafa banda zima. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, wakamwita Mama Pole, naye akaitika. Alimbana kuku kwapani, akamlaza kichwa ubavu, akadondosha tone moja la chanjo jichoni, kisha akangoja. Kungoja huko ndiko kulikomponza. Hakumwachia kuku mpaka apepese jicho na kumeza, maana tone lisiloingia ndani, alisema, ni kumwosha kuku uso tu.

Meneja mpya akaja na saa yake mkononi.

"Mama, kuku mia kwa saa? Wenzako wanafanya mia tatu!"

"Wenzangu wanashika mia tatu, bosi. Mimi nachanja mia."

Jibu hilo lilimchoma. Akamwachia banda moja, la pili akawapa wale wepesi wa mikono, akasema wazi kwamba asipoongeza kasi, mwisho wa mwezi atamwaga unga. Mumewe alikuwa hajiwezi kwa mgongo, na nyumba nzima ilimtegemea yeye. Wifi yake hakumsaidia.

"Wifi, kuku wenyewe wataliwa. Wawabembelezea nini?"

Mama Pole akacheka, lakini kesho yake akachanja kwa mwendo uleule.

Siku mbili baada ya chanjo, daktari wa maabara alipima damu ya kuku wa mabanda yote mawili. Chanjo haibadilishi jeni za kuku, huziamsha. Zile za kupambana na virusi zikishaamka, mwili huanza kujijengea kinga. Kwa Mama Pole zilikuwa macho karibu kwa kila kuku. Kwa wale wepesi, nyingi zilikuwa zimelala fofofo.

"Basi chanjo ni mbovu," meneja akadakia.

"Boksi moja, friji moja, siku moja," daktari akamjibu. "Twendeni bandani nione mikono."

Fundi mwepesi kuliko wote akadondosha, akamwachia kuku papo hapo. Kuku akatikisa kichwa, na tone la chanjo, lililotiwa rangi ya buluu lionekane, likaruka moja kwa moja hadi kwenye koti jeupe la meneja. Banda zima likaangua kicheko, kuku nao wakapiga kelele zao.

Zamu ya Mama Pole ilipofika, alidondosha tone, akangoja mpaka kuku akapepesa jicho na kumeza. Alimfungua kuku wake mdomo, na ulimi ulikuwa wa buluu: tone lilikuwa limepita jichoni likashuka kooni. Daktari akampigia makofi. Furaha ikampanda mama wa watu mpaka machozi yakamtoka, wala hakuona haya.

"Kuanzia leo," daktari akasema, "hakuna atakayechanja hapa bila kupita kwa mama huyu. Hakuna."

Meneja akavua saa, akakunja mikono ya koti. Mama Pole akamkabidhi jogoo mkubwa kuliko wote.

"Mshike vizuri, bosi. Huyo hajui kama wewe ni meneja."