Mihogo ya Mama Mkwe Ndani ya Mto

Miaka ile ya Zaire, tulipokuwa tukiitana sitwayeni, yaani raia, na kufyeka majani kila Jumamosi kwa salongo, kazi ya lazima ya umma, watoto wa mtaa wetu hapa Kamina walishikwa na kuhara kusikoisha. Masere, mtawa aliyeongoza dispansere, zahanati yetu, akaomba watu wa kujitolea kuchunguza maji ya mto tuliokuwa tukichota. Nilijitolea peke yangu. Mume wangu alifanya kazi kwenye reli, watoto wangu walikuwa shuleni. Nikadhani ni kazi nyepesi.

Nilijaza chupa nyeupe sehemu mbalimbali za mto, nikaziinua kwenye jua, nikazinusa, kisha nikampelekea masere. Jirani mmoja, mke wa askari aliyehamia kutoka Base, kambi ya jeshi, akatangaza kwamba ninamwaga dawa ya kuwafanya wanawake wasizae. Shefu wa mtaa akaazima chupa moja, akairudisha ikinuka lutuku, pombe yake ya mahindi. Nilichemsha chupa ile mpaka nikachoka.

Maji ya pale tunapochota yalinuka kama kitu kilichooza. Nikapanda kufuata mto, nikapenya matete, na hapo nikamkuta mama mkwe wangu, kitenge kimekunjwa magotini, akigeuza mihogo aliyoilowesha majini ili ilainike.

Nilipiga magoti kumsalimu kwanza. Halafu nikasema, “Mama, hii maji inashuka kule tunachota. Batoto banaikunywa.”

Hakuacha kazi yake. “Miye nilianza kulowesha mihogo hapa mbele bwana yako hayazaliwa. Ile maji alikunywa. Alikufa?”

Jioni nilimweleza mume wangu. Akasema hayo ni mambo yetu wanawake, akaendelea kumega bukari, ugali uliotoka kwenye mihogo hiyohiyo. Shefu aliahidi kulisema siku ya salongo. Salongo zikapita, hakufungua mdomo. Masere akanishauri niwe na subira. Subira yangu ilikuwa imekwisha kule kwenye matete.

Basi nikaviringisha pipa tupu mpaka nyumbani kwa mama mkwe.

“Mama, lowesha hapa ku nyumba. Maji nitakuletea.”

Akalizunguka pipa, akaligonga. “Kila siku?”

“Kila siku.” Nilijuta kabla sijamaliza kusema.

Harufu ilipungua, kisha ikaisha, na masere akafurahia chupa zangu. Watoto waliofika dispansere kwa kuhara wakapungua. Mimi nilipanda kilima na ndoo kichwani, shingo inauma, huku mama mkwe amekaa kivulini akiwasimulia wageni kwamba hatimaye mkwe wake amepata adabu.

Halafu wanawake wengine wawili waliokuwa wakilowesha mihogo mtoni, chini ya pale tulipochota, wakaja kuniuliza, kwa upole kabisa, mapipa yao nitaanza kuyajaza lini. Niliwaambia nitawasaidia kuyaviringisha mpaka kwao, basi. Wakaondoka wamenuna, na mmoja wao alikaa muda mrefu bila kunisalimia kanisani.